Mluzi wa Amplifaya ya Tulia

Watu walimwita Tulia, na kutulia kwenyewe hakukujua. Jina hilo lilitoka kwa mama yake mzazi, aliyelitamka mara nyingi kuliko jina alilompa: tulia mezani, tulia kitandani, tulia unanyolewa. Majirani wakalidaka, likamganda mpaka ndevu zikaota mvi. Mtazame tu akingoja maji yachemke: goti linacheza, vidole vinagonga meza, macho yanatafuta kitu cha kufungua. Akikipata chenye skrubu, kwisha habari yake. Saa ya ukutani ya nyumbani kwake ilifunguliwa mara nyingi hata ikaanza kwenda mbele kwa woga.

Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo, akitengeneza mota za mashine za kufumia. Humo ndani zilikuwa kelele, jamani! Wafanyakazi walisemeshana kwa mikono, na hata walipotoka getini jioni waliendelea kupayukiana kana kwamba wamegombana. Tulia alipapenda sana. Penye kelele hakuna anayekuuliza kwa nini unahangaika. Kiwanda kilipofungwa akafungua kibanda cha kutengeneza redio kando ya barabara, katikati ya mashine ya kusaga nafaka na fundi cherehani mmoja mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake. Kibandani feni ilikuwa ikikereza mchana kutwa, na redio ya dukani haikuzimwa hata alipokuwa akijaribu redio nyingine. Wateja walilalamika, "Fundi, mbona simu hupokei?" Naye aliwajibu kwamba simu za siku hizi hazina mlio, zinanong'ona.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Mtu aliyezoea kuamrisha darasa zima la watoto wanaolilia penseli moja hasemi polepole, hata akiomba chumvi. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa nyumba ya sauti kubwa, na kila mtu aliona ni kawaida.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, na huyo akatoka kinyume kabisa cha baba yake. Angeweza kukaa asubuhi nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, gitaa mapajani, akirudia vipande vilevile mpaka mama yake aombe amani. Yeye na baba hawakuwa na maongezi mengi. Si kwamba waligombana, la. Hawakujua tu waanzie wapi. Mambo ya moyoni aliyapeleka kwa mama, na kwa baba alileta waya zilizokatika. Ndiyo maana siku alipoingia kibandani akasema, "Baba, niundie amplifaya. Siyo hizi za dukani. Nataka ya valvu, yenye kukwaruza, gitaa lilie mpaka watu washike vichwa," Tulia nusura aangushe chuma cha solda kwa furaha.

Valvu, kwa asiyezijua, ni zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu, zinazowaka wekundu na kukupasha joto usoni. Tulia alikuwa na katoni nzima, alizozing'oa kwenye redio zilizokufa na kuzifunga kwenye soksi kuukuu zisigongane. Kazi ya valvu ni kuzidisha. Mtetemo mdogo wa uzi wa gitaa unaingia ya kwanza, unatoka umekua. Unaingia ya pili, unakua tena. Ya tatu, ya nne, na mwisho hata inzi akitua kwenye uzi, spika inatangaza. Sauti inavimba mpaka haitoshei, inachanika kingo, na huko kuchanika ndiko vijana wanakokufia. Ila ukizidisha kizuri umezidisha na kibaya. Kipande kibovu ambacho kwenye redio ya kawaida usingekijua, humo kinakuja kunguruma ukafikiri lori limeingia ndani.

Basi kila kipande kilitaka kuchaguliwa kwa sababu yake, na hapo ndipo Tulia alipopata raha. Alimwita binti ainame karibu, yeye mwenyewe mkono mmoja kautia mfukoni, maana fundi wa valvu hashiki kwa mikono miwili. Umeme wa humo ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita moyoni. Mfuko wa kushoto wa kila suruali yake ulikuwa umetoboka kwa kazi hiyo.

"Unaiona hii kapasita? Ni chujio hili. Ikiwa ndogo inapitisha sauti nyembamba, nzito inazirudisha zilikotoka. Naiweka ndogo hapa mlangoni, maana besi nyingi ikifika kwenye mkwaruzo inakuwa uji. Tunaikata mwanzo, tunairudisha mwisho."

"Na hii valvu ya tatu, mbona umeipa rezista kubwa hivi?"

"Rezista inabana umeme. Hiyo nimeinyima chakula makusudi. Yenye njaa inakwaruza vizuri."

Binti akacheka hadi akashika meza. Hawakuwa wamecheka pamoja hivyo kwa muda mrefu, na Tulia akaenda nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kisha bendi ya binti ikapata kazi kwenye ukumbi wa mji mwingine, wa mbali, msimu mzima. Gari la kuwachukua lingekuja Jumamosi alasiri. Tulia akabaki na haja moja tu duniani: siku hiyo, mtoto wake akipanda gari, amplifaya iliyotoka mikononi mwake ipande naye. Yeye hatakuwepo huko, hiyo iwepo. Hakumwambia mtu. Mkewe aliijua, lakini wake wanajua mengi.

Na wiki hiyohiyo ya mwisho, mluzi ukaingia.

Ulikuwa mwembamba, wa juu, usiokatika. Gitaa likilia hausikiki, gitaa likinyamaza tu, huo hapo. Tulia aliujua ugonjwa huo. Amplifaya zenye nguvu hivyo hupiga mluzi zenyewe: waya wa mwisho ukipita karibu na wa mwanzo, sauti inarudi ilikotoka na kuanza kujizungusha bila kupigwa na mtu. Dawa zake anazijua fundi yeyote. Akatenganisha waya. Haukutoka. Akaongeza rezista kwenye mlango wa kila valvu. Haukutoka. Akaweka vikapasita vidogo vya kuzimwaga sauti nyembamba kwenye ethi, waya wa kwenda ardhini, kabla hazijafika mbali. Mluzi ukampigia vilevile, bila haya, na sasa gitaa lenyewe likawa limefubaa, kama linapigwa chumba cha pili mlango umefungwa. Basi akaongeza kapasita ya kung'arisha juu ya kitufe cha sauti. Bado halijang'aa. Akaweka kubwa zaidi, akaongeza na nyingine mbele. Na kila alipong'arisha alijiambia mluzi nao umepata nguvu, akarudi kuuziba, sauti ikafubaa, akang'arisha tena. Alizunguka hivyo kutwa, solda haipoi, chai inapoa, wateja wanakuta redio zao hazijaguswa.

"Mchagua jembe si mkulima!" fundi cherehani alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake.

"Wewe shona!"

"Nitashonaje? Hilo dude lako linanitoboa masikio. Nimejiziba kwa vitambaa vya mteja."

Ijumaa mchana binti akaja na gitaa kulijaribu. Akachomeka waya, akapiga, uso ukamkunjamana kama aliyeuma ndimu.

"Baba, inachoma."

"Inachoma? Mbona imefubaa!"

"Imefubaa wapi, baba? Ni sindano hii. Nikiipiga ukumbini watu watatoka wameshika masikio."

"Ngoja, kabla ya hayo, tumalize kwanza huu mluzi."

"Mluzi gani?"

Tulia akainua kidole juu. "Huu. Huusikii?"

Binti akainamisha kichwa, akasikiliza kwa heshima zote. "Nasikia mashine ya kusaga. Nasikia feni yako. Mluzi sisikii, baba."

Hapo Tulia akakasirika, na hasira ya mtu asiyetulia haikai mahali pamoja. Ilimpeleka dirishani, ikamrudisha mezani, ikamfanya apange upya bisibisi zilizokuwa zimepangwa. "Unanionea huruma," akasema. "Unataka kuchukua kitu kibovu ili usinivunje moyo. Mimi sijafika huko. Sijafika kuonewa huruma na mtoto niliyembeba mgongoni!"

"Nakwambia ukweli!"

"Mluzi upo! Nakuambia upo!"

Binti akaling'oa gitaa polepole, akalisimamisha ukutani. "Kiongozi wa bendi amepata amplifaya ya kukodi. Nimemzuia wiki nzima, namwambia baba yangu anamaliza. Leo nimwambie nini?"

"Mwambie imebaki kidogo."

"Jumatatu nilimwambia hivyohivyo." Akatazama chini. "Kesho nitapita kuchukua gitaa. Na hiyo, kama itakuwa tayari."

Hilo "kama" Tulia aliondoka nalo mpaka nyumbani. Mkewe alikuwa ameshapata habari. "Mtoto anasema iko sawa, ila inachoma tu. Msikilize!"

"Yeye mwenyewe mluzi hausikii, nimsikilize nini?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe akasema kwa sauti ile ya darasani, akaondoa sahani. Tulia akawasha redio ya sebuleni, akaipandisha, akalala humohumo kwenye kiti inamhutubia.

Jumamosi alifika kibandani kabla ya wenye mashine ya kusaga. Akafungua kila kitu. Akauhamisha mtambo wote wa valvu ya kwanza, akaurudisha. Jasho likimtiririka, akawasha, akangoja valvu zishike moto, na mluzi ukamwamkia. Alikuwa ameinama juu yake, mdomo umejaa matusi ambayo mke wa mtu hawezi kuyasikia, umeme ulipokatika.

Ulikatika mtaa mzima. Mashine ya kusaga ikakokota, ikafa. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Redio ikamkatisha mtangazaji katikati ya neno. Valvu zikafifia, moja baada ya nyingine. "Leo? Leo jamani?" Tulia akalalamika, lakini mikono ikaendelea na desturi yake: akachukua rezista ya kumwagia umeme, akaigusisha kwenye zile kapasita kubwa, kwa kuwa umeme unaolala mle ndani haujali kwamba barabarani umekatika. Akapima kwa mita. Sifuri. Hamna kitu humo. Bati na kioo tu.

Na mluzi ulikuwepo.

Akaung'oa waya wa ukutani. Ulikuwepo. Akang'oa spika. Akatoa valvu zote, akazilaza kwenye soksi zake, akarudi nyuma hatua, akaitazama ile amplifaya iliyobaki matundu matupu. Mluzi haukupungua hata chembe. Akatoka nje mikono mitupu, nao ukatoka naye, ukakaa palepale ulipokuwa, katikati ya kichwa.

Fundi cherehani alikuwa amekaa kizingitini akifurahia baridi. "Umetulia leo, jirani? Au umeme umekutuliza?"

"Jirani, unasikia nini sasa hivi?"

"Kukiwa kimya hivi? Ndege tu." Akaonyesha kwa kidevu. "Wale pale wanagombania nafasi. Kelele zao utadhani wamelipwa."

Tulia akatazama juu. Walikuwa wamejipanga kwenye waya wa umeme, wadogo, wa kijivu, wanasukumana. Midomo yao ilikuwa ikifunguka na kufungika, kufunguka na kufungika. Hakusikia kitu.

Alirudi ndani akakaa mbele ya kazi yake, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akaisoma bila kuigusa. Kapasita ya kung'arisha, kubwa, halafu nyingine, halafu nyingine: hizo zilikuwa zikimtafutia sauti ambazo kila mtu alizisikia isipokuwa yeye. Rezista za milangoni na vikapasita vya ethi: hizo zilikuwa zikiziba mluzi ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa yeye. Alikuwa ameyaunda masikio yake mwenyewe, mabovu, akayafunga kwenye kasha la bati ampe mtoto. Akakumbuka redio isiyozimwa, feni, simu zinazonong'ona, na kiwanda kile alichokipenda. Maisha yake yote amekuwa akikimbia mahali palipo kimya, na hakuwahi kujiuliza anamkimbia nani. Aliogopa. Fundi wa redio asiyesikia ndege! Aliogopa hasa, mpaka mikono, ile mikono isiyokaa, ikamlalia mapajani.

Umeme ulirudi mchana. Alirudisha valvu mahali pake, na binti alipoingia, begi mgongoni, macho yamejiandaa kwa ugomvi, alimkuta baba amepanga kapasita mezani juu ya kitambaa.

"Nimekuja kuchukua gitaa tu, baba. Gari linakaribia."

"Keti, mwanangu. Chagua wewe."

"Nichague nini?"

"Kila kitu. Mimi nafunga, wewe unapiga. Ikikupendeza sema, isipokupendeza sema. Usiniangalie usoni, sikiliza spika."

Binti hakuuliza zaidi. Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi. Tulia akazima, akamwaga umeme, akabana kapasita moja kwa vibanio, akawasha, wakangoja. Binti akapiga. "Hapana, bado inachoma." Tulia akazima, akamwaga, akabadilisha. Mtu asiyeweza kungoja chai alingoja valvu zipate moto, zizimwe, zipate moto tena, bila kugonga meza. Dawa za mluzi akazitoa. Akaacha rezista moja ya mlangoni kwa valvu ya kwanza, kwa sababu hiyo ilikuwa na kazi ya kweli. Kisha akamjaribishia kapasita mbili za mwisho, moja baada ya nyingine.

"Ya pili!" binti akaruka. "Baba, ya pili! Umesikia tofauti yake?"

Tulia hakuwa amesikia tofauti yoyote. "Ya pili," akasema, akaichomelea ya pili.

Halafu binti akapiga kwa nguvu zake zote. Kwa Tulia sauti ilikuja imefunikwa blanketi. Lakini aliuona uso wa mtoto ukifunguka, na mlangoni fundi cherehani amesimama na tepu yake shingoni, vitambaa ameshavitoa masikioni, ulimi ule umemkauka kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Mkewe naye alikuwa amefika na mfuko wa nguo za safari, amesahau kuuweka chini.

Binti akaziba nyuzi kwa kiganja. "Hii ndiyo! Hii hasa! Na mluzi, baba? Umeupata? Umeondoka?"

"Kwenye amplifaya hamna."

Binti alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu likasita. Alimjua baba yake; alijua hasemi nusu ya jambo. "Kwa hiyo uko wapi?"

Tulia akagusa sikio lake. Akagusa na la pili.

"Tangu lini?" mkewe akauliza, na aliuliza polepole, hata Tulia ikabidi amtazame midomo.

"Sijui. Labda tangu kiwandani. Nilikuwa nawasha kila kitu ili nisiusikie, wala sikujua kama nafanya hivyo." Akajaribu kucheka. "Ndege pia siwasikii, mama. Nimewaangalia leo. Wananitania tu, wanafungua midomo."

Mkewe akaweka mfuko chini. Methali zote alizokuwa nazo zilimwishia siku hiyo; akamshika mumewe bega tu, akasema Jumatatu wataenda hospitali pamoja, na asilete ubishi. Binti akawa anamtazama baba, machozi yanamlenga, na kibanda kikanyamaza.

"Usinyamaze," Tulia akamwambia. "Mkinyamaza ndipo unapokuja. Ukipiga siusikii. Piga, mwanangu."

Binti akainuka, akamwachia ndoo. Tulia akaketi. Binti akasimama mbele yake, akapiga, na sauti ile iliyofunikwa ikaujaza mluzi mpaka juu, ukazama. Goti lake halikucheza. Vidole havikutafuta kitu. Alikaa pale juu ya ndoo, kama mama yake alivyomsihi miaka yote ile, akimtazama mtoto wake akikwaruza valvu yenye njaa.

Nje honi ikalia, kwa nguvu, mara mbili. "Gari hilo," mkewe akasema, akamwonyesha kwa mkono ili aelewe. Tulia akainuka haraka ili aibebe amplifaya.

"Kaa, baba," binti akasema. "Watangoja." Akaupiga tena uzi.